Maua ya Mkono wa Kushoto

Visakhapatnam
12 Juni 1967

Wifi Ratnam,

Barua hii ikikukuta umekaa, baki umekaa. Magoti ya Mama yakoje? Mvua zimekaribia na najua zinavyomwingia mifupani. Kaka naye msalimie moyoni tu, usitamke. Sisi huku ni wazima. Prabhudas hutoka asubuhi kwenda chuoni, hurudi jioni akinuka dawa za maabara. Mama yake anakaa mtaa wa pili na ananitunza vizuri. Chumba chetu kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, lakini mwanga wa saa tisa alasiri unatosha kufuma.

Maua ya uzi aliyoyafuma Mama yamefika. Mshukuru Kripamma, mgawa uzi wetu, halikuchafuka hata moja. Mwambie aendelee kuficha barua zetu katika marobota yake ya uzi, maana wanawake wa kwetu hawatoki nyumbani na yeye peke yake ndiye anayeingia na kutoka bila kuulizwa. Nilipoyamwaga kitandani nilicheka peke yangu. Unakumbuka tajiri wa Narsapur anayenunua maua yetu alivyokuwa akilalamika? "Huyu mama wa mkono wa kushoto maua yake yanazunguka kinyume, nikiyaunganisha na ya wenzake kitambaa kinaonekana kimelewa!" Basi hapa kwangu hayachanganywi na ya mtu. Nayaunganisha yenyewe kwa yenyewe, safu baada ya safu, na kila nikipitisha sindano naona mahali kidole gumba chake kilipobana uzi. Tangu niondoke hajanitumia neno lolote isipokuwa haya maua. Madhali yanakuja, najua hajanilaani. Siku ambazo moyo unanienda mbio, nikishika sindano unatulia.

Sasa jambo lenyewe. Nina mimba ya miezi mitatu.

Tafadhali msomee Mama barua hii Kaka akiwa shambani. Sijasahau siku ile nilipoondoka na Prabhudas. Niliambiwa Kaka alivua shati, akajimwagia maji ya kisimani mbele ya majirani, akasema dada yake amekufa na yeye ameshaoga msiba. Sawa. Lakini mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Sijapata kusikia mwanamke wa kwetu aliyezalia mtoto wake wa kwanza mahali pengine, hata wale waliogombana na ndugu zao. Mwezi wa saba mama anakuja, anakuvika bangili, anakuchukua. Mwulize Mama swali moja tu: je, nije? Akikubali, Kaka hatamfunga mdomo. Mbele ya Mama, Kaka ni mtoto.

Sitaki kingine.

Haimavati


Gollalanka
9 Julai 1967

Haima, binti wa shule,

Barua yako ilifika Ijumaa ile tarehe ishirini na tatu, ndani ya robota la uzi, nusu yake imelowa. Kama uliandika maneno ya busara basi hayo ndiyo yaliyofutika, maana niliyoyaona mimi yalikuwa ya kulia tu.

Hapa tuko wazima. Maembe tumekatakata na kutia chumvi, pilipili na mafuta, mitungi minne, na Kaka yako ameshaanza kuuliza kwa nini haijaiva, kana kwamba mimi ndiye jua. Nyati wetu wa maziwa amezaa dume, kwa hiyo nyumba nzima imenuna. Mkwe wa jirani Venkayamma amekimbia tena kwao, safari hii na vyombo vyote hadi kinu cha kusagia. Venkayamma analia kinu kuliko mkwe.

Mama anatembea. Mimi na yeye tukimaliza kuosha sufuria za mchana tunakaa baraza ya nyuma tunafuma mpaka wanaume watake chai. Ananicheka bado. "Ratnam, hilo ua au chapati?" Miaka minane ananicheka hivyo hivyo. Siku asiponicheka nitajua anaumwa.

Barua nilimsomea akiwa anachagua mawe kwenye dengu. Aliendelea kuchagua. Nikamwuliza, "Sasa nimjibu nini?" Akasema, "Mwambie angoje." Basi ngoja.

Hongera na hiyo mimba. Mimi na Kaka yako tumezunguka mahekalu miaka minane, tumefunga, tumenyoa nywele, tumefunga vitambaa kwenye miti. Wewe miezi tisa tu kwenye chumba chenye dirisha moja. Kweli waliosoma wana haraka.

Halafu unasema mama mkwe wako anakutunza vizuri. Anakupikia nini? Hukusema. Mtu anayelishwa vizuri husema alichokula.

Maua haya hapa. Usiyalowanishe kwa machozi, uzi wa pamba unakunjamana.

Wifi yako,
Sesharatnam


Visakhapatnam
2 Agosti 1967

Wifi,

Natumaini nyati mdogo anaendelea vizuri ijapokuwa mmemnunia. Sisi ni wazima. Tumbo limeanza kuonekana nikisimama kwa ubavu. Ulitaka kujua ninachokula: mama mkwe hutoka kanisani Jumapili akanipitishia samaki wa kukaanga kwenye bakuli lenye kifuniko, na hukaa nami kidogo. Umeridhika?

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kuna kitu kinanikwaruza. Unasema Mama alisema "angoje". Mama hasemi hivyo. Umekaa naye miaka minane, mimi nimekaa naye ishirini na mbili. Mama akiombwa jambo zito asilotaka kulikataa wala kulikubali, husema "tuone", halafu anageuka anatafuta kitu ambacho hakijapotea. Nilipotaka kuendelea na shule alisema "tuone", akaenda kutafuta mwiko. Wiki mbili baadaye nikaenda shule. "Angoje" ni neno la Kaka. Au lako.

Sikulaumu. Labda umesahau alivyosema. Lakini msomee tena, polepole, usisome kwa ile sauti yako ya kusomea orodha ya dukani. Mwambie kwamba nikikaa peke yangu huwa namwambia mtoto habari zake. Mwambie sitamwomba Kaka chakula, nitakaa baraza ya nyuma, nitalala na nyati ikibidi. Nataka tu uso wa kwanza atakaouona mwanangu uwe wa Mama.

Niandikie alichosema, neno kwa neno. Usimtengenezee sentensi.

Haima


Gollalanka
20 Septemba 1967

Haima,

Najua umengoja. Mfereji ulifurika, maji yakaingia mpaka jikoni, Kripamma hakuweza kupita wiki tatu. Baada ya hapo homa ikapita nyumba kwa nyumba. Mimi niliugua, Kaka yako aliugua, na Mama aliugua. Sasa kumekauka. Mpunga umesimama tena isipokuwa kile kipande cha chini. Kaka yako amekonda, na amekuwa mkimya mno, chakula anakula bila kukisema vibaya, jambo ambalo linanitisha.

Mama amepona ila hana nguvu. Barua yako nimemsomea, tena polepole kama ulivyoamuru, bibi mwalimu. Nilipofika hapo pa kulala na nyati alicheka. Akasema, "Huyo nyati mwenyewe hatakubali." Nikamwambia, "Mama, anataka jibu." Akavuta uzi, akasema, "Tuone." Halafu akaanza kutafuta miwani yake, nayo iko kichwani.

Umeridhika wewe?

Tunafuma kama kawaida. Mchana hapa kumekuwa na kimya kizuri, husikii ila kunguru na sindano. Nisipofuma siku moja mikono yangu inazunguka zunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Kripamma anasema wazungu wanayataka maua mengi zaidi mwaka huu. Nimewaza, hao wazungu wanayaweka wapi yote? Wana vitanda vingapi?

Niandikie upesi. Na uandike kwa urefu. Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi, Mama alisikitika.

Maua haya hapa, ya Mama.

Ratnam


Visakhapatnam
4 Oktoba 1967

Wifi yangu, wifi mwema,

Poleni maradufu kwa mafuriko na homa. Mkandie Mama magoti kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, na mpe uji wa mchele wenye chumvi, atausukuma lakini usikubali.

"Tuone"! Nilipolisoma neno hilo nilishika ukuta. Halafu miwani kichwani! Nilimsomea Prabhudas akasema, "Sasa hilo ni jibu gani?" Nikamwambia, wewe hujazaliwa kwetu, hilo ni ndiyo iliyovaa shela. Ninaomba msamaha, niliwahi kukudhania vibaya. Nilidhani humsomei. Mtu akikaa peke yake sana anaanza kuona mambo.

Nami niseme ukweli mmoja. Mama mkwe haji na samaki. Amekuja mara moja tu, akasimama mlangoni, akatazama picha ya mungu wetu wa kike niliyoiweka juu ya rafu, akamwambia mwanawe, "Ukiamua ni ipi kati ya nyumba hizi mbili ni yako, nijulishe." Hajarudi. Mpishi ni mimi, mlaji ni mimi. Usimwambie Mama. Au mwambie, ili ajue kwamba sina kwingine.

Mwezi huu wa kumi ndio wa saba wangu. Kama Mama hawezi kusafiri, na najua hawezi, basi avishike mikononi vijibangili viwili vya kioo, kimoja chekundu na kimoja cha kijani, Kripamma avitie katikati ya uzi visivunjike. Nitajivika mwenyewe. Halafu mwezi wa tisa ukianza nitapanda treni, nitashuka Narsapur, nitatembea. Hata kama Kaka atasimama mlangoni na panga nitapita chini ya mkono wake, kama tulipokuwa wadogo.

Nimeunganisha safu kumi na moja. Kitambaa kinafika magotini kwangu nikilala.

Haima wako


Gollalanka
14 Novemba 1967

Haima,

Hapa ni salama. Sikukuu ya Deepavali tuliwasha taa chache tu. Kaka yako anaumwa mgongo. Nyati mdogo ameuzwa.

Nitasema kwa kifupi kwa sababu halipendezi. Nilimweleza Mama habari ya bangili. Aliweka sindano chini. Akasema, "Aliyetoka kwa mlango wa nyuma bila kuniaga, nimvike bangili kwa mlango gani?" Nikajaribu kukutetea, Mungu ni shahidi. Nikasema, Mama, ana mimba, mama mkwe wake kamsusa. Akasema, "Alichagua." Akasema usije. Akasema ukija atageuza uso, na hataki watu wamwone akigeuza uso, kwa hiyo usimtie aibu mara ya pili.

Usinichukie mimi. Mimi ni kalamu tu.

Mjini kuna hospitali, kuna manesi waliovaa viatu. Utazaa vizuri kuliko hapa kwa mkunga mwenye kucha ndefu. Na utaendelea kuniandikia, sivyo? Niandikie mambo ya huko: majirani wanavaaje, sinema, bahari. Mama anapenda nikimsomea. Ameudhika lakini anapenda kusikia.

Ametuma maua hata hivyo. Unaona, hajakukata kabisa. Nimeyatia wanga na kuyapiga pasi mimi mwenyewe yawe bapa.

Ratnam


Visakhapatnam
23 Novemba 1967

Ratnam,

Siulizi hali.

Niliisoma barua yako nikakaa sakafuni. Siku mbili sikupika. Maneno yale yalikuwa yananitoboa, nami niliyaamini yote, kwa sababu ni kweli niliondoka bila kumuaga. Siku ya tatu nikasema, ametuma maua, basi hata hasira yake imefumwa kwa mkono wake, nitaiunganisha. Nikashika la kwanza.

Kila ua lina uso na mgongo. Huhitaji macho, kidole kinajua: usoni mafundo yamelala, mgongoni yanasimama kama chembe za mchele. Maua haya ukiyatazama yanazunguka upande wa Mama. Ukiyapapasa, unapapasa mgongo. Nikayageuza. Usoni yanazunguka upande wa kulia, kama ya kila mwanamke wa delta nzima. Mtu wa mkono wa kulia ameyafuma, akayageuza mgongo uwe juu, akayamiminia wanga, akayapiga pasi ili yalale hivyo. Yote. Sikukuta hata moja la kweli.

Na mafundo yamelegea. Kama chapati.

Ingekuwa mikono inamuuma ungeniambia. Ingekuwa amekataa kunifumia, baada ya maneno yale, ungefurahi kuniambia. Kwa hiyo nakuuliza, na hili ndilo swali langu lote: Mama yuko wapi?

Haimavati


Gollalanka
5 Desemba 1967

Haima,

Mama alikufa Ijumaa tarehe kumi na moja Agosti, asubuhi, wakati wanawake wa mtaani wanapaka miguu manjano kwa ajili ya sikukuu. Ilikuwa homa. Siku nne tu. Barua yako ya pili, ile ya kulala na nyati, ililetwa kesho yake watu wakiwa bado wanaosha nyumba. Niliisoma nimesimama ghalani.

Kaka yako alisema usiambiwe. Alisema, "Waliokwisha kufa hawaalikwi msibani." Mimi ningeweza kukuambia kwa siri kama ninavyokuambia mengine yote. Sikukuambia. Ngoja nikwambie kwa nini, maana hata kwa hilo hutaniamini nikidanganya, una vidole vya askari.

Maua ya Septemba yalikuwa yake, yalikuwa kwenye kopo lake la biskuti. Yalipokwisha nikafuma yangu. Nilijaribu kwanza kwa mkono wa kushoto, siku kumi, yalikuwa kama uchafu wa panya. Ndipo nikawaza kuyageuza. Nilijiona nina akili. Ni Kripamma aliyesema, "Huyu mtoto alizaliwa kwenye uzi, atajua." Nikamwambia, amesoma sana, amesahau kupapasa.

Unadhani nilifanya kwa sababu nakuchukia. Nakuchukia kidogo, ndiyo. Ulipokuwa hapa hukuwahi kunitazama, ulikuwa unatazama kitabu. Lakini nani mwingine ananiandikia? Barua yako ikifika mtu anauliza habari zangu, hata kama anauliza ili apate habari za mwingine. Mama akifa, barua zinakufa. Kwa hiyo Mama hakufa. Mchana nilikuwa nakaa baraza ya nyuma, nafuma, namwuliza, "Mama, tumjibu nini huyu?" na ninajua angejibuje. Lile la miwani nililitunga vizuri, kubali. Wewe mwenyewe ulinifundisha "tuone". Kabla ya hapo nilikuwa sijui kwamba ndivyo alivyokuwa anasema. Alikuwa hajawahi kunihitaji kwa jambo zito.

Lakini ulipotaka kuja ilibidi akukataze. Ungekuja ungekuta nini?

Sasa lililobaki. Nimeliandika na kulichana mara tatu. Barua yako ya kwanza, ile ya mimba, sikumsomea. Nilikaa nayo ndani ya blauzi. Najua angefanya nini. Asingesema ngoja wala nini. Angefunga nguo zake mbili kwenye kitambaa, angepanda gari la ng'ombe magoti yake yakiwa hivyo hivyo, angekuja huko kwako kulea mjukuu, na Kaka yako angepiga kelele mpaka kelele ziishe. Na mimi ningebaki hapa na nani? Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyenicheka. Wewe una mume unayempenda, mimba, bahari. Ukamtaka na yeye.

Siku ya tatu ya homa aliniuliza, "Haima hajaandika?" Barua ilikuwa hapa, kifuani, naisikia ikikunjamana. Nikasema, "Hajaandika, Mama." Akageukia ukuta. Hakuuliza tena. Nilimchana nywele, nikamsuka, alikuwa mwepesi kama nguo.

Ulisema nisimtengenezee sentensi. Hizo ndizo zake.

Usiache kuniandikia. Nitukane, lakini andika. Jifungue salama, na uniambie ni nini, na jina lake. Tafadhali, Haima. Na kama amefanana na mtu.

Ratnam


Visakhapatnam
20 Januari 1968

Wifi Ratnam,

Natumaini sikukuu ya Sankranti mmeimaliza salama na mpunga umeingia ghalani. Mgongo wa Kaka ukandwe kwa mafuta ya ufuta. Sisi huku ni wazima wote. Wote watatu, na sasa unajua kwamba mtoto amezaliwa, na amezaliwa hai. Hilo nimekupa. Hakuna la zaidi.

Nilizaa hospitalini nikiwa na jirani, mke wa fundi baiskeli, ambaye jina lake nililijua siku hiyo. Uchungu uliponishika niliita Mama kama wanawake wote wanavyoita, na nikiita nilikuwa najua tayari kwamba anayeitwa alikufa amegeukia ukuta akidhani nimemsahau. Nesi alisema, "Piga kelele dada, hakuna anayekucheka." Nikakukumbuka wewe.

Kitambaa kimeishia safu ya kumi na moja. Maua yako nimeyaweka peke yake, sikuyachoma. Ni maua ya kawaida, hayana kosa.

Nilifikiri kumwandikia Kaka. Mstari mmoja tu ungetosha: "Mkeo amekuwa akiniandikia tangu nilipoondoka, na Kripamma ndiye mpitishaji." Najua angekufanya nini. Niliandika bahasha, nikabandika stempu. Halafu nikafikiri: akikupiga, utapata kitu cha kulilia, na wanawake wa mtaa watakuja kukupaka manjano kwenye majeraha, na Venkayamma atakaa nawe baraza ya nyuma siku nzima akikuliwaza. Nikaitoa stempu kwa mvuke. Kaa hivyo hivyo ulivyo. Fuma.

Uliuliza matatu. Ni wa kike au wa kiume: sitakwambia. Jina lake: sitakwambia, na nimemwomba mungu wa kila nyumba, ya kwetu na ya mama mkwe, lisikufikie kwa mdomo wa mtu yeyote. Amefanana na nani: mimi najua, Prabhudas anajua, hata mke wa fundi baiskeli anajua. Wewe una akili ya kutunga, tunga. Mchana ukimaliza sufuria, kaa mpe sura, mpe sauti, mpe mkono anaoshikia. Utakosea, na hakutakuwa na ua la kupapasa ili ujue umekosea wapi.

Barua ukituma zitafika. Nitaujua mwandiko. Sitazifungua wala sitazirudisha, nitaziweka, ili kila mwezi ungoje ukidhani labda hii.

Najua swali la nne, lile ambalo hukuthubutu kuliandika. Unataka kujua kama Mama angempenda mtoto huyu. Ulikuwa na majuma saba ya kumuuliza.

Haimavati